Mume wangu ana vipele na hataki kusikia habari za hospitali

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kibaha. Mume wangu ni dereva wa semi, anapakia bandarini Dar na kwenda kushusha Bujumbura kwa njia ya Kabanga. Safari hii ya mwisho walikwama mpakani siku nyingi, yeye na utingo wake wakawa wanalala kwenye kichwa cha gari, godoro moja. Alirudi ana homa, kichwa kinamgonga, mgongo unauma. Tukajua malaria. Akanunua dawa duka la dawa akameza, homa ikashuka, vikaanza vipele. Vya kwanza vilitoka kiganjani na pembeni ya mdomo. Sasa viko mpaka sehemu za siri, vikubwa, vina maji, katikati vimebonyea. Mitoki ya kinenani imevimba hadi anatembea kama aliyetahiriwa jana.

Nilipomtajia Mpox, ile homa ya nyani, alinijia juu. Akasema, "Serikali gani inayosema kuna Mpox? Hii iliyotuambia corona imekwisha?" Anti, baba yangu mzazi alifariki Februari 2021 kwa shida ya kupumua. Kwenye cheti waliandika nimonia, msibani tulijazana bila barakoa, na mume wangu alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Kwa hiyo akisema walitudanganya ananikata maini, sina la kumjibu. Akaendelea: chanjo walisema mbaya, baadaye wakasema nzuri. Marburg ya Kagera, ile homa inayofanana na Ebola, walisema hakuna, haijapita wiki wakasema ipo. Na sasa anasema Marekani imekata misaada, kwa hiyo wametafuta ugonjwa mpya wa kuombea hela.

Shemeji yangu ndiye anayemwaga petroli. Kila siku anamtumia sauti za WhatsApp, eti ukienda hospitali na vipele unapigwa chanjo inayoua nguvu za kiume. Mama mkwe amekuja, anasema ni tetekuwanga tu, anachemsha mwarobaini asubuhi na jioni na kumwogesha.

Kuna maneno aliyasema mara moja usiku halafu akanyamaza: "Nikienda pale watanifungia, bosi atampa mtu mwingine gari, na mtaa mzima utasema nimeutoa kwa malaya wa mpakani." Anti, na mimi swali hilo ninalo, ila sijamuuliza.

Mtoto mkubwa ana miaka sita, mdogo bado ananyonya. Wote wanapanda kochi analolala baba yao. Nifanyeje? Na nikuulize bila kuficha, hivi kweli wewe unaiamini serikali kwenye mambo haya?

Mke wa Dereva, Kibaha

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Serikali itasubiri kidogo. Watoto hawasubiri. Leo hii hii wasipande tena hilo kochi, wasishike taulo lake, wasile sahani yake. Mpe chumba chake, au kama nyumba ni ya chumba kimoja na sebule, weka pazia na yeye asitoke nje ya pazia hilo bila kujifunika vipele na kuvaa barakoa. Shuka zake usizikung'ute. Zikunje taratibu, uzitie moja kwa moja kwenye maji ya moto na sabuni, kisha unawe mikono mpaka viwiko. Anayemwogesha ni mama mkwe, kwa hiyo naye yumo hatarini. Mwambie kwa heshima kwamba mwanawe ana mikono, ataoga mwenyewe. Mtoto endelea kumnyonyesha maadamu wewe huna dalili, lakini ukiona hata kipele kimoja mwilini mwako muulize muuguzi kabla ya kumweka tena kifuani. Mpox huchukua hadi siku 21 kujitokeza tangu mtu aambukizwe, kwa hiyo msihesabu mmepona kwa sababu wiki moja imepita salama.

Mimi si daktari, na hata daktari hawezi kuapa kwa kutazama tu. Tetekuwanga na Mpox vimewachanganya watu wa Congo miaka na miaka. Lakini vipele viganjani, mitoki ya kuvimba namna hiyo, na mtu katoka njia ya Bujumbura: ukimwambia muuguzi yeyote mambo hayo matatu atasimama. Jibu linatoka kwenye kijiti cha pamba kinachosuguliwa juu ya kipele na kupelekwa maabara. Kazi ya dakika moja, haina sindano.

Haya, twende kwenye uliloniuliza.

Siiamini serikali kwa sababu tu imesema. Mumeo si mjinga na usimfanye mjinga, utampoteza. Aliyoyasema ya corona, chanjo na Marburg yalitokea. Takwimu za corona zilikoma tarehe 29 Aprili 2020, zikiwa zimefika wagonjwa 509, na baada ya hapo kimya cha zaidi ya mwaka. Mei ile tukaambiwa papai na mbuzi wamepimwa wakakutwa na corona, kwa hiyo vipimo vibovu. Juni tukaambiwa nchi iko salama. Watu wakajifukiza, wakafukiwa. Tarehe 27 Januari 2021 Rais Magufuli akasema akiwa Chato kwamba chanjo hazifai, na tarehe 28 Julai mwaka huo huo Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera na kutuomba tufuate. Miezi sita na siku moja. Mtu aliyekuwa barabarani muda wote huo, anavuka mipaka kila wiki, alikuwa anaona Kenya wanafunga na kupima, huku kwetu wanamwambia apige kazi. Madereva wenzake wa Namanga, Mei 2020, walipimwa upande wa Kenya wakaambiwa wana virusi, Arusha wakawapima upya wakatangaza kwamba hawana. Hebu jiweke kwenye kiti cha dereva huyo, uniambie ungemwamini nani.

Na Marburg ndiyo iliyonikera mimi zaidi, kwa sababu ilikuja wakati tulishaanza kusamehe. Mwaka 2023 ugonjwa huo ulipoingia Bukoba ulitangazwa, wagonjwa 9, waliofariki 6, ukadhibitiwa, tukasema sasa tumekua. Halafu Januari 2025, Shirika la Afya Duniani linasema tarehe 14 kuna dalili za Marburg Kagera, kesho yake wizara inasema sampuli zote hazina kitu, tarehe 20 Rais anasimama Dodoma pembeni ya mkuu wa shirika lile lile na kutangaza mgonjwa amethibitishwa Biharamulo. Mpaka mlipuko unatangazwa kumalizika Machi, waliohesabiwa walikuwa 10 na wote walikufa. Siku hizo kati ya tarehe 15 na 20, mama wa Biharamulo aliyekuwa anamwogesha maiti wake alikuwa anajua nini?

Sasa ngoja. Mpangie mumeo mambo hayo mstari mmoja kama alivyokupangia, halafu muulize swali moja tu. Kila mara serikali ilipodanganya au kuficha, ilidanganya kwa kusema nini? Ilisema hakuna. Corona hakuna, Marburg hakuna. Sijakumbuka hata mara moja iliyotutangazia ugonjwa ambao haukuwapo. Mwenye mazoea ya kukana akisimama siku moja akakubali, mimi ndipo ninapokaa kitako na kusikiliza, kwa sababu kakubali jambo linalomgharimu.

Na linagharimu kweli. Afrika Kusini ilipouambia ulimwengu tarehe 24 Novemba 2021 kwamba imeona sura mpya ya kirusi cha corona, ile iliyokuja kuitwa Omicron, haikutumiwa maua. Kesho yake tu Uingereza ikatangaza kuifungia safari, yeye na majirani zake, Marekani nayo ikafuata. Kila waziri wa utalii Afrika aliliona hilo. Watalii wa Serengeti na Zanzibar hawapendi kusikia neno mlipuko, na Dodoma wanalijua kuliko mimi na wewe. Kwa hiyo tarehe 10 Machi 2025, Wizara ya Afya ilipotangaza wagonjwa wawili wa kwanza wa Mpox, mmoja wao dereva wa lori aliyetoka nchi jirani kuja Dar es Salaam, sikuona kitu cha kujipendekeza nacho kwa mfadhili. Niliona watu waliozidiwa na jambo lililokwisha kuingia ndani. Kama mumeo anaamini serikali huficha, basi hesabu yake imwambie wagonjwa ni wengi kuliko waliotajwa. Yeye anaipiga kinyume, anasema wanaficha, kwa hiyo hakuna ugonjwa. Hapo hata wewe unaweza kumkamata.

Atakurudia na hela. Mwache aseme, maana hela huliwa. Kenya mwaka 2020 mabilioni ya barakoa na mavazi ya madaktari yaliishia mifukoni mwa wenye kampuni zilizosajiliwa jana, mpaka mkaguzi mkuu akaichambua mamlaka yao ya dawa. Beni na Butembo, mashariki mwa Congo, Ebola ya 2018 hadi 2020, wananchi walikuwa na jina lake kabisa, biashara ya Ebola, kwa sababu ya magari ya kifahari yaliyokodishwa na mashirika. Tume yao ya uchaguzi ikazidisha: Desemba 2018 ikasema Beni na Butembo hawatapiga kura kwa sababu ya Ebola, na hiyo ilikuwa ngome ya upinzani. Utafiti uliofanywa huko Septemba 2018, hata kabla ya mambo ya kura, ulikuta mtu mmoja kati ya kila wanne anasema Ebola haipo. Ungekuwa wewe, baada ya kunyimwa kura, ungesemaje? Lakini Ebola ilikuwapo. Iliua watu 2,287. Mwizi anaweza kuiba sanda na maiti akawa maiti kweli.

Na Mpox hii si ya kuletewa na ndege. Mwaka 2023, Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, ndiko lilikoonekana tawi jipya la kirusi hiki, wataalamu wanaliita Ib. Lilianzia kwenye baa na vyumba vya wachimbaji, likafuata barabara. Julai 2024 lilikuwa limeshafika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na mgonjwa wa kwanza wa Kenya alionekana pale mpakani Taveta. Agosti 14 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Mumeo ramani hiyo anaijua kwa matairi. Muulize kama huko Burundi hakusikia watu wakizungumzia vipele. Atakuwa amesikia, tena kwa wenzake kwenye foleni, wala si kwa waziri yeyote wa Tanzania.

Kuhusu sauti za shemeji yako, sitazungumza sana. Chanjo ya Mpox ipo, Congo walianza kuitoa Goma Oktoba 2024, na wanapewa watu wasiougua ili wasiugue. Mwenye vipele hachanjwi. Kwa hiyo shemeji anamtisha kaka yake kwa sindano ambayo hakuna mtu atakayemletea.

Sasa mwanangu, mimi nimesoma barua yako mara ya pili nikaona serikali haimo kwa kiasi ulichofikiri. Yote ya corona na Marburg aliyasema mchana, kwa sauti, mbele ya mama yake. Lile la usiku alilisema mara moja akanyamaza. Nalichukua lile la usiku.

Mwanaume akiwa na vipele sehemu za siri anaona hospitali ni mahakama, na wewe hakimu wa kwanza. Ni kweli tawi hili linaambukizwa sana kwa kujamiiana, siwezi kukuficha. Lakini vilevile linapita kwa ngozi kugusana, kwa godoro, kwa shuka za gesti ambazo hujui nani aliamka juu yake asubuhi. Burundi sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa watoto, wanaoambukizana kwa kulala kitanda kimoja na kucheza. Mumeo kalala godoro moja na utingo siku zote hizo. Kwa hiyo kipele hakiwezi kukupa ushahidi unaoutaka, na muuguzi naye hana. Swali lako ni halali na haki yako kuliuliza, ila liweke kabatini mpaka magamba yaanguke. Mwambie kwa mdomo wako, usimwachie akisie: "Nataka upone na watoto wasiugue. Umeupata wapi sikuulizi wiki hii." Sema wiki hii, usiseme kamwe, maana huo utakuwa uongo na ataunusa.

Zungumza naye mkiwa wawili tu, mama mkwe akiwa msikitini au sokoni. Shemeji asiwepo. Usimwambie "twende hospitali ya serikali wanajua". Mtafute mtu mwenye jina. Hapo mtaani kwenu lazima kuna muuguzi au mganga wa zahanati ambaye ndiye aliyewapima watoto uzito, anayewajua, ambaye mwaka 2021 alikuwa anavaa barakoa kimyakimya wakubwa wakiwa wanacheka. Watu hao walikuwapo, na wengine walizika wenzao. Nenda wewe kwanza, peke yako, umweleze yote, umuulize mambo ambayo mumeo anayaogopa: akikutwa nao anakaa wapi, je, anaweza kuuguzwa nyumbani kwa kuwa hali yake si mbaya, taarifa zake anaziona nani. Majibu utakayoyapata ndiyo urudi nayo, yawe matamu yawe machungu. Kama hamna mtu wa namna hiyo, piga 199, ni namba ya bure ya Wizara ya Afya, unaweza kuuliza bila kutaja jina. Najua atacheka ukimwambia umepiga wizarani. Mwache acheke.

Utingo naye apigiwe simu leo, na apige mumeo mwenyewe. Kama yule kijana naye ana vipele, mazungumzo yenu ya nyumbani yatabadilika yenyewe.

Hospitali hawatampa dawa ya miujiza. Wengi hupona ndani ya wiki mbili hadi nne, wanapewa dawa ya maumivu, vidonda vinasafishwa visioze, wanaangaliwa. Watakaomwangalia watataka pia kumpima VVU, asikatae, kwa sababu kinga ikiwa chini Mpox hugeuka jambo jingine kabisa. Jicho likianza kuuma au kuwa jekundu, akishindwa kumeza, homa ikirudi kwa nguvu, au kipele kikitokea kwa mtoto yule mdogo, hapo usiombe ruhusa ya mtu. Bodaboda haifai, atamgusa dereva. Kodi bajaji, mjifunike, mkifika msiingie kwenye benchi la wagonjwa, simama nje ujitaje.

Imebaki kazi, na hili mwambie vizuri kwa sababu naona ndilo litakalomwinua kochini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miaka mitatu, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Sharti lake ni cheti cha daktari. Akijificha ndani na mwarobaini, kwa bosi anahesabika mtoro, na mtoro ndiye anayenyang'anywa gari kihalali. Najua madereva wengi wanaishi kwa posho ya safari na mkataba hawajauona, na posho sheria hii haimrudishii. Hata hivyo mshahara wa msingi ni wake, kwa hiyo akusanye chochote kinachoonyesha anafanya kazi pale: karatasi za mzigo, ujumbe wa simu wa meneja, miamala ya mishahara. Apige picha ya cheti siku hiyo hiyo anayopewa na kumtumia bosi kwa maandishi, asiishie kupiga simu. Wakimkatalia, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya malipo ndani ya siku 60, na kama wamemwachisha kazi ni siku 30 tu, kwa hiyo asingoje apone kabisa ndipo aanze kufuatilia. Fomu unaweza kwenda kumchukulia wewe.